Niligombana na watu Kariakoo kwa kosa la marehemu

Haya yalikuwa yawe malalamiko dhidi ya duka la spika. Nusu yake bado ni malalamiko.

Kama mwezi na kitu hivi uliopita, shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Marekani aliniletea CD ya October Rust, yaani Kutu ya Oktoba, albamu ya wale jamaa wa bendi ya Brooklyn, New York, Type O Negative. Nyimbo zao mbili tatu nilikuwa nazidokoa kwenye simu, lakini albamu nzima sikuwahi kuisikiliza tangu mwanzo. Lishikeni hilo. Nikaona muziki mzito wa metali wa namna hii haifai kusikilizwa kwa spika ya kopo, nikashuka Kariakoo, nikanunua spika la maana kwa 85,000. Dukani wakanipigia singeli mpaka kaunta ikatetemeka. Halina doa.

Usiku nikazima taa, nikachomeka waya kwenye deki, nikaweka CD. Mmmmmmmmmm. Ule mngurumo wa waya ulioachia, kama nyuki amefungiwa kwenye transfoma. Nilisubiri sekunde kama kumi nikazima, nisije nikaunguza kitu. Nikatikisa waya, nikageuza plagi, nikawasha tena. Mmmmmmmmmm. Nikajaribu kwa simu, bila waya: safi kabisa. Basi nikajifanya fundi, nikaamua ubovu uko kwenye tundu la waya.

Kesho yake nikarudi dukani. Muuzaji hata macho hakuinua. "Kwani ulikuwa unapiga nyimbo gani?" Nikampa CD. Akaigeuzageuza, akamwita mwenzake: "Njoo uone, jini kaingia kwenye spika." Wakacheka. Halafu akaniambia nikajaribu kwa kaswida kwanza, likigoma ndiyo nirudi. Mimi mtu mzima, nina watoto, naambiwa hivyo mbele ya wateja! Nilimjibu maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Hela hakurudisha, akanielekeza kwa fundi wa ghorofani.

Fundi alilifungua, akanusa ndani (kweli alinusa), akatikisa kichwa. Waya wa ardhi umekufa, 15,000. Akaweka mwingine, akajaribu kwa simu yake, likalia vizuri. Bila shaka lililia vizuri! Nikafika nyumbani, nikaweka CD. Mmmmmmmmmm.

Mara ya tatu nilikwenda na deki yenyewe kwapani. Nilishapanga: leo duka zima litasikia mnachouza. Nikachomeka, nikafungulia sauti hadi mwisho, nikakunja mikono. Mngurumo ukajaa mpaka kwenye korido, mama mmoja akaziba masikio. Ila safari hii sikuzima, maana nilitaka aibu iwakolee. Zikapita sekunde kumi, ishirini, thelathini. Kwenye ya thelathini na nane hivi ukakatika. Kimya. Halafu ndani ya spika wanaume wakaanza kuchekacheka. Wakasema ule ulikuwa utani wao tu, wakatushukuru kwa kununua albamu.

Muuzaji akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu tujuane. "Mzee, hao wanakucheka wewe."

Na jina la huo mngurumo limeandikwa nyuma ya CD, kama wimbo namba moja, mahali ambapo kila mtu anaona isipokuwa mimi: Bad Ground. Ardhi mbovu, ile ya umeme. Watu wa New York walikaa studio mwaka 1996 wakatega mtego, ukaja kunasa mtu Kariakoo miaka yote hii baadaye, na aliyeutega, mwimbaji wao Peter Steele, alishafariki tangu 2010. Nikamdai nani?

Nilikasirika nikaapa sitaisikiliza. Usiku huohuo nikaisikiliza. Baada ya vicheko kinaingia kinanda, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, kisha sauti ya Steele inatoka chini kabisa, kisimani. Jamaa alikuwa jitu la karibu mita mbili, aliwahi kufanya kazi idara ya bustani za jiji, na anaimba mapenzi kama anasoma tanzia. Gitaa la Kenny Hickey halikati, linatanda kama ukungu. Majani mekundu ya vuli yao, msimu wa majani kupukutika, mimi hayanihusu, Oktoba yetu ni joto na maembe yanaanza kuiva. Lakini kutu naijua. Hapa pwani kutu haingoji Oktoba, geti langu ni shahidi.

Nyota tano. Hapana, nne; moja nakata kwa ajili ya 15,000 yangu. Nyingine nikate kwa ngoma: kwenye karatasi wameandika jina la mpiga ngoma wao, Johnny Kelly, kumbe ngoma zote ni za mashine. Wahuni wale hawakuanza na mimi. Kuna na ule wimbo wenye jina refu kuliko wimbo wenyewe, na ule wa mwanamuziki Neil Young walioukopa, huo sikuusikia vibaya wala vizuri. Zimebaki tatu.

Halafu unafika Red Water, wa Krismasi, wa meza iliyoandaliwa na waliokosekana mezani. Steele alikuwa amefiwa na baba yake mwaka uliotangulia. Kwetu pia kiti cha mzee kiko wazi, tunakizunguka tu wakati wa kula. Nilirudia mara nne, mke wangu akaja kuuliza kama kuna msiba. Rudisha nyota zote. Ongezeni na ya sita.

Lile duka, bado siwapendi. Swali la yule kijana lilikuwa sahihi kabisa, nakubali, lakini hata swali sahihi lina adabu yake. Na fundi nilimfuata juu kudai hela yangu, akanijibu, "Waya ni waya, kaka," akaendelea kula chipsi.

Sasa juzi umeme umekatika na kurudi kwa nguvu. Tangu hapo spika linanguruma, hata kwa simu, hata kwa kaswida. Warantii bado ina miezi. Nimeshamwomba shemeji alipeleke yeye, anasema nusu ya Kariakoo inamjua kuwa ni ndugu yangu.