Scratch kwa gemu ya kukimbia kulia: inawezekana, ila kwa ujanja

Scratch, programu ya bure iliyotoka MIT mwaka 2007, humwezesha anayeanza kutengeneza gemu kwa kuunganisha vitalu vya rangi bila kuandika msimbo. Inaendeshwa kwenye kivinjari, ipo ya kupakua kwa asiye na intaneti, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Gemu inayoishia kwenye skrini moja huwezi kushindwa kuitengeneza. Ya kukimbia kwenda kulia ndiyo inayotoa jasho, maana Scratch haina kamera, yaani mtazamo unaomfuata mchezaji anaposonga.

Jukwaa, yaani eneo gemu linapoonekana, ni pikseli 480 kwa 360, basi. Mchezaji anabaki katikati, ardhi ndiyo inayosogea. Chora vipande vya ardhi vyenye upana wa 480, kila kimoja kikiwa mhusika wake (picha inayoongozwa na vitalu vyake, "sprite" kwa Kiingereza), kisha unda kigezo kimoja, yaani namba inayobadilika, cha wahusika wote, tuseme "msogeo". Mshale wa kulia ukibanwa, msogeo upungue 5. Kila kipande kijipange hivi: x (mahali pake kushoto-kulia, 0 ikiwa katikati) = msogeo + 480 × nafasi yake, cha kwanza kikiwa 0, kinachofuata 1.

Endesha, nawe utaona utepe mwembamba wa ardhi umeganda ukingoni. Hujakosea. Scratch haimwachi mhusika atoke nje kabisa. Kipande cha upana huo hukwama karibu na 465. Kifiche hesabu ya msogeo + 480 × nafasi ikipita 465 au ikishuka chini ya -465. Pima hesabu yenyewe, si x ya kipande, kwani x hiyo haivuki hapo na sharti halitatimia kamwe. Mwanya mdogo unaobaki unafunikwa kwa kupaka mandhari ya nyuma rangi ileile ya ardhi.

Kuruka ni rahisi zaidi: kasi ianze 12, msogeze mchezaji juu kwa kasi hiyo, ndipo uipunguze 1 kila mzunguko; atapanda 78. Akizama ardhini, mpandishe 1 hadi asiguse. Hilo liwe ndani ya kitalu chako mwenyewe kilichowekwa kiende bila kuchora skrini upya, la sivyo ataonekana akitetemeka.

Kitalu cha tukio la kubonyeza kitufe kiepuke: kinasita baada ya hatua ya kwanza. Tumia "kama" ndani ya mzunguko usiokoma.

Sarafu za kuokota zitengeneze kwa nakala za mhusika mmoja ("clone"), lakini kikomo ni nakala 300. Ya 301 haitokei, na hakuna ujumbe wa kosa.