Jeki pleti ya mkono au ya haidroliki? Kabla hujalipa angalia bolti

Jeki pleti ni ile pleti inayofungwa kati ya mashine ya boti na tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, inasogeza mashine nyuma kidogo na kukuwezesha kuipandisha au kuishusha: ya mkono kwa spana, ya haidroliki kwa pampu na swichi. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mkono. Tuliifunga na fundi, mashine ikakaa vizuri, boti ikaacha kuinua pua juu kila nikiongeza moto, nikafurahi sana. Msimu uliofuata nikabadilisha pangaboi na nikahitaji kushusha mashine nusu inchi, nusu inchi tu jamani, nikalegeza bolti za pembeni, nikaweka spana kwenye ile bolti ndefu ya katikati ya kupandishia, ikagoma. Nikaimwagia mafuta ya kulegeza nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikaja na bomba la kurefushia mkono wa spana, ikalia mara moja halafu ikakatikia ndani. Kipande kilichobaki shimoni kilikuwa kimezungukwa na unga mweupe, mkavu, umeshikana kama chokaa.

Huo unga ndio naouzungumzia leo, maana watu wananiuliza ya mkono au ya haidroliki, ipi inapanda haraka, ipi inabeba HP nyingi, inarudi nyuma inchi ngapi, na hayo yote hata muuzaji atakwambia. Hakuna anayeuliza bolti ya stenlesi imeingia kwenye nini.

Ikiwa imeingia moja kwa moja kwenye alumini, na boti inakaa maji ya chumvi, basi umenunua betri. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi umeme unapita, na inayoliwa ni alumini. Ikishaliwa inageuka ule unga mweupe, na unga unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoutoa, kwa hiyo ndani ya hesi (zile nyuzi za bolti) unabana kama kabari. Hapo hata ufanyeje bolti haitoki salama. Na zinki iliyo kwenye mashine, kile kipande kinachowekwa ili kiliwe badala ya alumini, usidhani inalinda kila kitu, mashine inaweza kuwa imetenganishwa na jeki pleti kwa rangi, kama hamna waya unaounganisha hizo mbili zinki inalinda mashine peke yake.

Sasa ona ubaya wa ya mkono. Watu wanaisifia kwamba unaipanga mara moja unasahau, na kule kusahau ndiko kunakoiua. Bolti isiyogeuzwa mwaka mzima inashikana. Ya haidroliki inapanda na kushuka kila safari kwa hiyo reli zake hazipati nafasi ya kushikana, ila ugonjwa unahamia kwenye pampu, kwenye vituo vya waya (pale waya zinapoungwa) na kwenye bolti za kufungia silinda. Kwa hiyo usiseme ya haidroliki imepona, angalia pampu iko wapi.

Haya, chaguo zangu kwa mpangilio.

Ya kwanza ni ya mkono ya kampuni ya Bob's Machine Shop, na sifichi kwamba naipenda. Imekatwa kutoka alumini nzito ya aina ya 6061, ukiishika unaona kingo zimechongwa sawasawa, sehemu zinazoteleza zinakaa bila kucheza. Kwa mtu anayetembea na mzigo uleule kila siku, kwenye kina cha kutosha, mwenye mashine ya HP 40 mpaka 100, hana sababu ya kulipia pampu. Lakini hata hii naifungua yote kabla haijagusa maji, kila hesi inapata Tef-Gel, yale mafuta mazito ya kuzuia metali mbili kulana, kila kichwa cha bolti kinapata washa ya nailoni chini yake. Usipake grisi ya shaba hata fundi akikuapia, shaba ndiyo inazidisha kula alumini, na rangi ya kuzuia chaza yenye shaba nayo isiguse jeki pleti. Halafu kila mwezi nalegeza zile za pembeni nageuza ile ya katikati robo mzunguko kwenda, robo kurudi, nakaza. Dakika tano, na mpaka leo inageuka laini.

Ya pili ni Bob's haidroliki, na kwa wewe unayepita juu ya mafungu ya mchanga au unayebeba watu wawili leo na kumi kesho, ndiyo iwe ya kwanza kwako. Unakaribia maji ya kina kifupi unabonyeza swichi mashine inapanda wima, pangaboi linabaki limelala sawa na linaendelea kusukuma, tofauti na kuinamisha mashine ambapo unasukuma maji juu na boti inapoteza nguvu. Ninachoipendea zaidi ni kwamba pampu inakaa ndani ya boti, sehemu kavu, mafuta yanapelekwa kwa paipu. Kazi ya kufunga inaongezeka na lazima utoboe tundu la paipu, sawa, ila ukisimama na tezi ikazama kidogo pampu haiogi. Usiifunge chini kwenye ngama tu, kule maji yanakojikusanya, ipandishe juu.

Ya tatu, Atlas ya T-H Marine. Nzuri, nadhifu, pampu imewekwa ndani ya jeki pleti yenyewe, hamna paipu za kupitisha, na boti za maji baridi zinaitumia kwa wingi. Ningeichukua bila wasiwasi ziwani. Baharini, kwa boti inayolala majini wiki nzima, roho yangu inasita kuacha mota ya umeme ining'inie nyuma ya tezi. Ukiichukua, suuza kwa maji baridi kila ukirudi na kagua vituo vya waya, ukiona kijani tu safisha siku hiyohiyo.

Zile za bei rahisi zisizo na jina, za kupakwa rangi ya unga (inayopulizwa kavu kisha kuokwa): rangi ikichubuka kwenye tundu la bolti maji yanapita chini yake na unaanza kuona malengelenge. Kwa mashine ndogo kwenye maji baridi inaweza kukufaa. Zaidi ya hapo sipotezi maneno.

Na hapa wauzaji wamenichosha kweli. Kwanza wanauza kwa HP. HP haining'inii kwenye bolti, kinachoning'inia ni kilo, na HP 40 ya stroki mbili ya zamani na HP 40 ya stroki nne si uzito mmoja. Mercury ya stroki nne HP 60 inaanzia kilo 112, sasa isogeze nyuma inchi 10 uone tezi inavyovutwa chini na matundu ya kutolea maji yanavyozama boti ikiwa imesimama. Muuzaji hakuulizi boti yako ina matundu wapi. Pili, picha inaonyesha seti kamili, sanduku likifika bolti hazimo, unaambiwa zinauzwa peke yake, na zile wanazokuuzia "stenlesi" unaweka sumaku inanata pwaa. Stenlesi ya 316, ile ya baharini, haishiki sumaku hivyo! Aliyeniuzia ile ya kwanza nilimpelekea kipande cha bolti kilichokatika, akaniambia nilipaswa kuitunza, wakati kwenye karatasi ya maelekezo hamna hata mstari mmoja unaosema paka kitu kwenye hesi. Mtu unalipa hela nyingi vile halafu lawama inakurudia wewe.

Kwa hiyo beba sumaku, na muulize swali moja: bolti ya kupandishia inaingia kwenye nini? Akisema kuna nati ya stenlesi inayoweza kubadilishwa, endelea kuongea naye. Akisema hajui, au akianza kukuhesabia HP, ondoka.

Ukishafunga, nunua geji ya presha ya maji ya kupoza mashine, ya mkono au haidroliki haijalishi. Mashine ikirudi nyuma inchi 8 wengi wanaanza kwa kuipandisha kama inchi 1 kisha wanaongeza kidogokidogo, na tundu la kunyonyea maji likianza kuvuta hewa sindano ya geji inaanguka kabla king'ora cha joto hakijalia. Ikianguka, shusha nusu inchi. Bolti yako iwe inageuka siku hiyo.