Casablanca mpaka Marrakech kwa barabara: safari ya kuongozwa inayolipa, ila ongea nao kabla hujatoa hela

Niseme mapema tu, nawapa nyota nne kati ya tano, na hizo nne karibu zote ni za barabara na dereva. Hii ni ile pakiji ya Moroko ya kuzunguka na kibasi, mnaanzia Casablanca, mnapita Rabat, Meknes na Fes, halafu mnaukata mlima kwenda kusini na kuuvuka tena kurudi Marrakech. Kampuni ni ya huko huko, jina silitaji kwa sababu ziko nyingi zinazouza njia hii hii na ratiba zao zinafanana sana, kwa hiyo nayosema hapa yatakufaa yeyote utakayekata naye. Nilienda na mama yangu, mtu mzima, magoti yanamsumbua, na ndo maana sikutaka kukodi gari nijiendeshe mwenyewe kwenye kona nisizozijua.

Casablanca sina mengi. Msikiti wa Hassan II upo palepale ufukweni, ulifunguliwa 1993, mnara wake unapanda mita 200 au zaidi kidogo kutegemea nani anapima, na hata asiye Mwislamu anaingia kwa ziara ya kuongozwa, kitu ambacho misikiti mingi ya Moroko hairuhusu. Uone, ule, muondoke. Ratiba ikikuwekea usiku wa pili Casablanca omba wautoe waupeleke Fes. Rabat nayo tulipita nusu siku, Mnara wa Hassan ulioachwa njiani baada ya mtawala Yaqub al-Mansur kufariki 1199, ukiwa umezungukwa na nguzo za msikiti ambao haukumalizika. Mama alipapenda sana, pametulia, hakuna anayekuvuta shati ununue kitu.

Volubilis ndo pa kwanza paliponifanya nione hela yangu imeenda pazuri. Ni magofu ya mji wa Warumi katikati ya mashamba karibu na Meknes, korongo wamejenga viota juu ya nguzo, na zile sakafu za vijiwe vya rangi bado ziko pale pale zilipowekwa, juani, hazijabebwa kupelekwa makumbusho. Ila hakuna kivuli hata kidogo. Kofia na maji lazima, na kama una mzee mwambie mwongozaji mapema apunguze mzunguko, wetu alikubali bila kununa.

Sasa Fes. Jamani, Fes.

Kwanza elewa utaratibu wao, dereva wa watalii Moroko si mwongozaji wa mji. Anaendesha, anakusimulia njiani, lakini mkifika mji wa kale anawakabidhi kwa mwongozaji mwenye kitambulisho rasmi. Watu wengine huwa wanakasirika wakidhani wanaongezewa gharama, hapana, ndivyo ilivyo, na kwetu ilikuwa ndani ya bei. Huyu wa Fes alikuwa mzee mmoja wa makamo, kanzu ya kijivu yenye kofia nyuma, anajua kila kichochoro na kila kichochoro kinamjua. Mji wa kale hauingii gari, mizigo inabebwa na punda na nyumbu, ukisikia mtu anapiga kelele nyuma yako unajibana ukutani kwanza ndo unauliza, yaani aliyewahi kutembea Lamu atajiona yuko nyumbani ila azidishe mara nyingi sana na aongeze mteremko. Mteremko wenyewe ni wa kweli, kutoka lango la Bou Jeloud unashuka tu unashuka, na mawe yanateleza. Mama alishikwa mkono na mwongozaji njia nzima, na huko mwanamke mwenye umri wanamwita hajja hata kama hajafika Makka, basi ikawa hajja huku hajja kule, kila duka kiti kinatolewa.

Tulipofika madrasa ya Bou Inania akatuuliza tunatoka wapi hasa, tukamwambia pwani ya Afrika Mashariki, akasimama kabisa. Akasema aliyejenga madrasa hii ni sultani Abu Inan, na ni huyo huyo aliyeamuru masimulizi ya msafiri Ibn Battuta yaandikwe hapa hapa Fes, kazi ikaisha 1355. Na Ibn Battuta alishafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331! Mi nilikuwa najua habari ya Kilwa tangu shuleni lakini sikuwahi kuiunganisha na mahali, nikawa naangalia zile mbao za mierezi zilizochongwa na vigae vya ukutani nawaza kwamba habari za kwetu ziliandikwa mji huu, kwa mkono, watu wakiwa hai waliomsikia mwenyewe akisimulia. Hicho ndo unacholipia kwenye safari ya kuongozwa. Kitabu cha mwongozo kisingejua natoka wapi.

Msikiti wa Qarawiyyin tuliingia kuswali adhuhuri, wenzetu wasio Waislamu wakabaki kuchungulia mlangoni. Ulianzishwa 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, na mama aliposikia hivyo akataka arudiwe mara ya pili. Watu wa kule ni Maliki, mikono wengi wanaiachia pembeni, sisi Shafii tumefunga, hakuna aliyetugeukia wala kutuangalia vibaya.

Halafu sasa lawama yangu. Mwongozaji mzuri namna ile, baada ya chakula akatuingiza duka la mazulia na tukakaa zaidi ya saa. Chai ya nanaa ikaja, mazulia yakakunjuliwa moja baada ya jingine mpaka sakafu haionekani, maelezo matamu kweli kweli, lakini tulichokuja kuona kilikuwa nje na jua linazama. Baada ya hapo duka la ngozi. Duka la ngozi nakubali lina faida yake kwa sababu roshani yake ndo inayotazama Chouara, mabirika ya kutengenezea ngozi, unapewa jani la nanaa ushike puani, unaona wanaume wamesimama hadi mapajani ndani ya mabirika ya mawe wakikanyaga ngozi, yale meupe ni chokaa na kinyesi cha njiwa cha kulainisha, ya rangi yako upande mwingine. Ile ningeiangalia saa nzima. Zulia hapana. Kila mtu anajua kuna kamisheni, na sina shida na mtu kupata riziki yake, shida yangu ni kwamba muda ule ulikuwa umeandikwa kwenye ratiba kama "kutembelea mafundi". Niliwaandikia ofisini usiku huo huo, kwa adabu, na wakajibu vizuri, Marrakech hatukuingizwa duka lolote bila kuulizwa kwanza. Hiyo ni alama yao nzuri, ila waitoe kabisa kwenye ratiba, au waiandike jina lake.

Kutoka Fes kwenda kusini ndo safari yenyewe inaanza, na hapa dereva anachukua usukani kwa maana zote. Ifrane unadhani umehama bara, mapaa ya mteremko mekundu, Wafaransa waliijenga kuanzia 1929, na 1935 palipimwa nyuzi 23.9 chini ya sifuri, baridi kali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Afrika. Tulienda mwezi wa nne na koti bado nilivaa. Azrou kuna msitu wa mierezi na nyani wasio na mkia, msiwape chakula jamani, dereva alikataa kabisa kusimama kwa wale wauza karanga za nyani na nikamheshimu kwa hilo.

Chakula cha mchana kampuni hailipii na sehemu nyingi wanazosimama ni hoteli za watalii, menyu ile ile, bei imechangamka. Siku hiyo tukamwomba, kaka tupeleke unapokula wewe. Akacheka, akatusimamisha kamji kadogo kabla ya Midelt, nyama zimening'inizwa barazani, unachagua kondoo, muuzaji anapima kilo na kukata mbele yako, unavuka hatua tatu kwa mchomaji mwenye jiko la mkaa, kitunguu, nyanya, mkate wa moto, chumvi na bizari kwenye kisahani. Tulikula kundi zima kwa hela ambayo jana yake ilimtosha mtu mmoja. Omba hivyo. Wanafurahi ukiomba.

Tulilala Midelt, asubuhi tukapita korongo la Ziz na mchana wote ukaisha barabarani hadi korongo la Todra. Ile siku ni ndefu, sitakuficha, mwenye kutapika garini akae mbele. Lakini Todra jioni, watalii wa siku moja wameshaondoka, kuta zinapanda karibu mita 300 kila upande na maji yanapita chini miguuni, wanawake wa pale wanafua, watoto wanarudi na mbuzi. Hapo tulipewa muda wa kutosha na hakuna aliyetuharakisha.

Aït Benhaddou kesho yake tuliiona vizuri, kijiji cha udongo na majani makavu, kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1987, na kinahitaji kukandikwa kila baada ya mvua la sivyo kinayeyuka. Familia chache tu bado zinaishi ndani, wengine wamehamia ng'ambo ya mto. Ningetaka pale tuache barabara kuu tupite njia ya zamani ya misafara kupitia Telouet, kwenye ngome ya ukoo wa Glaoui, lakini ratiba haikuiweka na kundi lilishagawanyika. Kwangu hilo ni kosa kubwa la ratiba kuliko zulia.

Kisha njia ya mlimani ya Tizi n'Tichka, mita 2,260. Nataka kumsifia dereva hapa kwa kitu ambacho pengine abiria hawakigundui, kuteremka kote upande wa Marrakech alitumia gia ndogo, breki anaigusa tu kwenye kona, halafu anaiachia. Hakuna harufu ya breki kuungua. Hakuna kulipita lori kwenye kona. Simu yake ilikuwa kwenye droo. Mama ambaye huogopa milima alisinzia, mi nikawa natazama theluji juu na mashamba ya kijani ya ngazi ngazi huko chini. Sehemu moja akapunguza mwendo akatuonyesha nyumba zilizopasuka na tetemeko la Septemba 2023, lililoua watu zaidi ya 2,900, wengi wao wa milima hii. Kwao ni upande huo. Hakuongeza neno na sisi hatukuuliza.

Marrakech wengine wameshaisema sana. Uwanja wa Jemaa el-Fnaa nenda baada ya magharibi, bei uliza kabla hujakaa wala hujapiga picha, mnara wa msikiti wa Kutubiyya utakuonyesha njia ukipotea. Tulipata usiku mmoja tu na ulitosha, ningepewa wa pili ningeuhamishia milimani.

Kwa wanaotaka kukata: dirhamu huzipati kirahisi nje ya Moroko, badilisha ukifika na tunza risiti ili zilizobaki ubadilishe tena unapotoka. Bei yetu ilikuwa na malazi, kifungua kinywa, chakula cha usiku, mafuta, dereva na waongozaji wa Fes na Marrakech, viingilio vingi tulilipa wenyewe na bakshishi ni juu yako, ya dereva mpe mwishoni mkononi mwake. Majira ya baridi Tichka hufungwa theluji ikizidi, waulize wanafanyaje ikitokea. Na kabla hujalipa waandikie mambo matatu uyapate kwa maandishi: maduka hakuna bila ridhaa ya kundi, usiku wa pili Fes, na Telouet hali ya hewa ikiruhusu. Mi niliwauliza hili la Telouet baada ya kurudi, wakasema ingewezekana bila kuongeza hata dirhamu, ilitakiwa tu kundi likubaliane tangu mwanzo.