Urithi wa Malagarasi: safari ya Uvinza au mzee darasani?

Kwa shule za Kigoma zinazotaka kuwafundisha watoto urithi wa Mto Malagarasi, safari ya Uvinza, penye chemchemi za chumvi, ina uzito wake. Pale kwenye Mto Ruchugi, karibu na unapoingia Malagarasi, mtoto anaonja mwenyewe maji ya chumvi ya chemchemi, kisha anaelezwa jinsi Wavinza, wenyeji wa hapo, walivyoyachemsha kwenye vyungu mpaka ikabaki chumvi tupu, ikabebwa na misafara ya biashara. Kazi hiyo ina zaidi ya miaka 1,000. Tatizo ni nauli, na wazazi wameshachoka na michango.

Kumwalika mzee darasani ni nafuu: kiti na maji ya kunywa tu. Atasimulia mitumbwi, mitego ya samaki, hata misemo ya Kiha. Ila darasa likijaa, wa nyuma hasikii kitu.

Mimi ningeanza na mzee. Uvinza watoto waende wakifika darasa la sita, maswali wameshayaandika.