TAHADHARI: Anayeuza vitoto vya kobe mtandaoni, hasa kwa sisi tulio Marekani

Ndugu zangu, wenye watoto wanaolilia mnyama wa kufuga, naomba msome hadi mwisho. Kuna mtu anauza vitoto vya kobe mtandaoni na kuvituma kwa posta. Mimi ameshaniumiza.

Nilimnunulia binti yangu kobe wa Sahel, wale wanaoitwa sulcata, kwa dola 110. Nikaambiwa ana miezi 3 na anakula vizuri. Alifika ndani ya kikopo cha plastiki kilichozungushiwa selotepu, chini kuna karatasi ya jikoni iliyokauka kabisa. Nikamweka kwenye mizani ya unga: gramu 29. Macho yamezama, hayafunguki. Nilipomgeuza, kitovu, pale alipokuwa ameshikana na kiini cha yai, kilikuwa bado kibichi. Miezi 3 gani hiyo? Kale kalikuwa ka siku chache tu.

Nikampigia muuzaji. Akasema nimweke pakavu chini ya taa, nimpe letusi, nisimpe maji kwa sababu ni mnyama wa jangwani. Jamani, huo ni uongo unaoua. Daktari wa wanyama alinieleza kwamba kobe hawa huko kwao huchimba mashimo marefu, na ndani ya shimo kuna unyevunyevu. Kitoto kikikaushwa, figo huharibika, na kinaweza kumegamega majani wiki nzima huku kinakufa.

Tukawa tunamlowesha asubuhi na jioni, dakika 20, kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika puani, halafu tunamrudisha kwenye joto. Siku ya 3 akatoa mkojo mzito mweupe, wenye chengachenga kama mchanga. Siku ya 6 akafungua jicho moja na kuuma jani la dandelioni, lile linalofanana na mchunga wetu. Binti yangu alipiga kelele za furaha nyumba nzima. Siku ya 9 asubuhi tulimkuta shingo imelala nje. Amekufa.

Tangu 1975 sheria ya Marekani inakataza kuuza kama mnyama wa kufuga kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, kwa sababu watoto wengi walikuwa wanaambukizwa salmonela, bakteria wanaoleta homa na kuhara. Lakini ununuzi wa kielimu unaruhusiwa, ndiyo maana huyu muuzaji anakwepa kwa kukutaka utie alama kwenye kisanduku cha "kwa ajili ya elimu". Nilitia bila kusoma. Ukikiona hicho kisanduku, usilipe.

Kama umeshanunua na unaona mapovu puani au anahema mdomo wazi, mpeleke kwa daktari anayejua wanyama watambaao siku hiyohiyo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, na chombo chake kisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Hela sijarudishiwa, na ameshanizuia nisimpate. Mtamtambua kwa picha: kitoto cha kobe juu ya kipande cha tikiti maji, pembeni sarafu ya senti 25. Jana usiku nimeiona tena picha ileile, kwa jina jipya, bei imeshuka hadi dola 85.