Kanda za mjomba za shoo za rock: uzoefu wangu na fundi wa Mwembe Tayari

Wacha niandike hii kitu kirefu kidogo maana najua kuna watu hapa Mombasa wana makanda ya zamani ndani ya masanduku na hawajui wapeleke wapi, na wengine washapeleka mahali wakaharibiwa kama nilivyoharibiwa mimi mara ya kwanza.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Miaka ya sabini alikuwa akitoka Kilindini na meli za mizigo anakaa huko miezi, na kila wakitia nanga Hamburg yeye na wenzake walikuwa wakishuka kwenda zile klabu za St. Pauli karibu na bandari kuskiza bendi za rock, sasa yeye alikuwa na tepurekoda ndogo ya betri, anaiweka mapajani chini ya koti anarekodi shoo nzima kuanzia bendi ikipanda mpaka watu wakifukuzwa nje. Alipofariki tukapata kanda 14 kwenye sanduku lake la bati, zimeandikwa kwa biki "Hamburg 1", "Hamburg 2", hivo hivo tu, hakuna jina la bendi hata moja. Mamangu alikuwa hazigusi, akisema zikiguswa zitakatika.

Wapenzi wa rock wanajua hizi rekodi za mtu aliyekaa kwenye umati zina heshima yake. Kuna Mmarekani mmoja, Mike Millard, alikuwa akiingia ukumbini kwa kiti cha magurudumu ili afiche mashine yake ya kurekodi ya Nakamichi 550, na ile shoo ya Led Zeppelin ya tarehe 21 Juni 1977 aliyoirekodi pale Forum karibu na Los Angeles mpaka leo watu wanaitafuta kama dhahabu. Mjomba hakuwa na mashine kama hiyo wala maikrofoni ya maana, alikuwa na ile maikrofoni iliyo ndani ya tepurekoda yenyewe. Lakini kiu ilikuwa ile ile.

Mwaka jana nikapeleka kanda mbili duka moja la mjini, sitolitaja. Walinipa faili za MP3 siku ya pili, nikafurahi, nikafika nyumbani nikaziweka kwenye spika, wallahi nilitaka kulia. Walikuwa wametoa lile shwaaa la kanda kwa kompyuta kwa nguvu sana mpaka muziki wenyewe ukaenda nao, gitaa lasikika kama linapigwa ndani ya ndoo ya maji, matuazi ya drams hayapo kabisa, na kibaya zaidi walikuwa wamekata nafasi zote kati ya nyimbo. Makofi wametoa. Watu wakipiga kelele wametoa. Wakaniambia "tumekusafishia".

Basi jamaa yangu akanielekeza kwa mzee mmoja fundi wa redio kule Mwembe Tayari, kibanda chenyewe kidogo ukipita na tuktuk hukioni. Nilimpelekea "Hamburg 3" kwanza kumjaribu. Hakuiweka kwenye mashine. Aliishika akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni akaitazama kwa kama dakika nzima, akaniambia mwanangu hii ina kuvu, tazama hapa ukingoni pale peupe, ni hewa ya bahari hii, ukiicheza hivi unachafua hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, na unapeleka kuvu kanda nyingine. Na kweli pale peupe palikuwa kama unga. Alafu akanionesha kitu ambacho sikuwa nakijua, ndani ya kanda kuna kisponji kidogo chenye kitambaa ambacho kinausukuma utepe ugusane na hedi, sasa kwenye kanda yangu gundi ishakauka kimeanguka, na bila hicho sauti inakuwa mbali na inapotea potea. Ile duka ya kwanza sidhani hata waliangalia.

Alichofanya ni kuutoa utepe kwenye nyumba ya zamani akautia kwenye nyumba mpya ya kanda yenye skrubu, akaupitisha polepole kwenye kitambaa kikavu cha pamba, akiwa nje na barakoa usoni. Hedi anaisafisha kwa spiriti na pamba kila baada ya upande mmoja. Nilimuuliza kuhusu kuzioka maana nilisoma watu wanaoka kanda kwenye joto, akakataa kabisa, akasema ile ni dawa ya zile kanda kubwa za magurudumu wazi za aina fulani ambazo gundi yake inanata, kaseti ya kawaida ukiioka unaweza kuiharibu bure.

Sasa hapa ndipo nilipomuelewa huyu mzee. Deki yake ameitoa kifuniko, kando ya hedi kuna kiskrubu kidogo, ameshika bisibisi huku kanda inacheza na amevaa hedifoni, anazungusha taratiiibu, kidogo mbele kidogo nyuma. Akanivisha mie hedifoni. Akazungusha, na matuazi yakafunguka! Yaani sauti ilikuwa kama imefunikwa blanketi, blanketi likaondoka. Akanieleza hedi ya tepurekoda ya mjomba ilikuwa imekaa upande kidogo wakati wa kurekodi, kwa hivo hedi ya kuchezea lazima ikae upande ule ule, la sivyo sauti zote za juu zinapotea na hakuna kompyuta itakayozirudisha vizuri. Na kila kanda anaanza upya. Kitufe cha Dolby, ule mtambo wa kupunguza shwaaa, akakizima, akasema tepurekoda ile haikuwa na Dolby, ukiiwasha unazidi kuikata sauti ya juu.

Spidi nayo ilikuwa kisa kingine. Kanda zote za kaseti zinatakiwa zitembee sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini betri za mjomba zikianza kuchoka mota ilikuwa inazunguka polepole, kwa hivo leo ukiicheza kwa spidi ya sawa muziki unakimbia na muimbaji anakuwa na sauti ya kitoto. Mie nilidhani fundi atakisia kwa masikio. Alitafuta mahali bendi imenyamaza na ampu zinavuma tu, ule mvumo wa stima, akaupima kwenye kompyuta. Stima ya Ujerumani ni hezi 50. Kwenye kanda yangu mvumo ulisoma 52 mwanzo wa upande wa pili na mwisho wake ulifika karibu 53, basi akajua inakimbia asilimia 4 na inazidi kukimbia, akaishusha kipande kwa kipande. Hapo nilikaa kimya nikamtazama tu.

Kwenye kompyuta anatumia Audacity, ile programu ya bure ya kutengeneza sauti, na hiyo lile shwaaa anapunguza kidogo sana, akasema sikio linazoea shwaaa lakini halizoei muziki uliojeruhiwa. Makofi aliyaacha yote. Faili alinipa za WAV na FLAC, zile zisizopunguza sauti kama MP3, kwa ubora wa juu wa bit 24 kilohezi 96, saa moja ni kama GB 2 kwa WAV kwa hivo nendeni na flashi kubwa, na ananakili mara mbili, nakala moja haijaguswa kabisa na moja ndio imetengenezwa. Hii ya kutoguswa ndio muhimu kwangu, kesho akija mtu mwenye ujuzi zaidi ataanzia pale.

Kuna ambayo hayakutengenezeka na ni haki niseme. Tepurekoda zile zilikuwa zinajipandisha na kujishusha sauti zenyewe, watu wakipiga makofi kwa nguvu muziki unazama chini alafu unapanda tena polepole, fundi amepunguza lakini bado yasikika. "Hamburg 9" ni ya dakika 120, utepe wake mwembamba sana, ulikuwa umejinyonga ndani na tumepoteza kama dakika tatu. Na mzee ni mmoja, hana msaidizi, kanda moja inaweza kukaa wiki mbili, akisema njoo Alhamisi mpigie simu kwanza kabla hujatoka nyumbani. Bei nililipa shilingi 1,200 kwa kanda, zile zenye kuvu 1,500, mara tatu ya ile duka. Ningelipa hata zaidi.

Siku niliyoirudisha "Hamburg 3" nilimuwekea mamangu sebuleni baada ya Isha. Muziki wenyewe yeye hauelewi, alikuwa amekaa tu kwa kuniridhisha. Wimbo wa pili ukaisha, makofi, chupa zinagongana, alafu karibu kabisa na maikrofoni ikaja sauti ya Kimvita safi: "Hebu skiza huyu, hebu skiza mkono wake." Mamangu akainuka kwenye kiti. Akasema ndiye, ndiye huyo. Akaniambia rudisha, nikarudisha, akaniambia rudisha tena. Sauti hiyo ilikuwa kwenye nafasi kati ya nyimbo, pale pale ambapo lile duka lingekata.

Zile mbili za kwanza nashukuru kanda zenyewe walinirudishia, fundi amezifanya upya na zimetoka vizuri. Kumi na moja ziko tayari, tatu ziko kwake bado. Kama kuna mtu mzee wake alikuwa baharia miaka ile akishuka Hamburg na anazikumbuka bendi za zile klabu, anitafute tuskize pamoja, "Hamburg 6" ina mpiga ogani mkali sana na ningependa kujua ni nani.