Uzoefu wangu: jamaa wa akwariamu hapa Tanga aliyegoma kuniuzia samaki niliowataka

Naanza na jibu la kama huyu jamaa wa kufunga matanki ya samaki wa mapambo anafaa, maana najua wengi hilo ndo mnalotaka: ndio, huduma inafaa na hela yangu sijaijutia, ila kuna mambo mawili matatu hayajanifurahisha nitayasema huko mbele.

Mi nina saluni Chumbageni, nlitaka tanki la samaki pale wateja wanapokaa kusubiri zamu, wapate cha kuangalia zaidi ya simu. Tanki lenyewe la lita 120 hivi. Nikamwendea huyu kijana anafanya shughuli zake Ngamiani, nikamwonesha picha za samaki niliozikusanya kwenye simu, goldfishi, enjelifishi, neoni tetra, beta dume mmoja wa bluu na yule plekosi wa kusafisha kioo. Akaziangalia zote kimya afu akaniuliza, "Dada, we unataka kufuga au unataka kuangalia ligi?"

Akaanza kunichambulia mmoja mmoja. Goldfishi anapenda maji ya ubaridi, joto la huku kwetu linamtesa, afu anakula sana na uchafu wake ni mwingi, tena chochote kinachoingia mdomoni kwake kinakwenda. Enjelifishi akiwa mdogo mpole kabisa ila akishakua neoni kwake ni kitafunwa. Beta dume akimwona gapi dume, yule samaki mdogo wa rangi rangi, na ule mkia wake wa kung'aa anadhani ni beta mwenzie, basi ni kuchaniana mapezi. Plekosi unauziwa wa kidole, na wale wa kawaida wanaweza kupita sentimita 30, sasa kwenye tanki langu ageukie wapi?

Mi nlidhani kuchagua samaki ni kuangalia nani mkali nani mpole basi. Huyu swali lake la kwanza lilikuwa maji, yaani kabla hata ya bei. Unatumia bomba au kisima? Maana maji ya bomba chanzo chake ni bwawa la Mabayani, mto Sigi, na mi pale saluni natumia zaidi kisima. Akachota kwenye kikombe akachovya vile vikaratasi vya kupimia, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ikasoma karibu 8 na maji magumu haswa, yamejaa chokaa, mwenyewe nshazoea maana hita yangu ya maji ina ukoko mweupe kila wakati. Akasema ukanda wetu huu chini ni mawe ya chokaa, si unayajua mapango ya Amboni, chokaa hiyohiyo. Sa neoni asili yake ni mito ya Amazon, maji laini yenye asidi kidogo, kumleta kwenye kisima changu ni kumwonea. Ila gapi, moli, plati na wale wenye mkia wa upanga maji magumu ndo raha yao. Kwa hiyo badala ya kuhangaika na madawa ya kubadilisha maji tukachagua samaki wa kufuata maji tuliyonayo. Hapo ndo alinishika wallahi.

Nikajifanya mjanja nikamwambia basi niletee mbuna, samaki wetu wenyewe wa Ziwa Nyasa, maji yao si magumu pia? Akasema maji sawa kabisa, tabia sasa! Mbuna dume akishachagua jiwe lake anafukuza kila anayepita, gapi hamalizi wiki. Mbuna wawe na tanki lao.

Tukaishia moli, plati, na gapi madume matupu. Kwa nini madume, kwa sababu gapi jike anazaa kama kila mwezi, na hata ukimtenga na dume bado anazaa maana anatunza mbegu mwilini miezi kadhaa, utatafuta pa kuwagawa vifaranga ukose. Vile vikambale vidogo vya chini, koridora, nlivipenda sana ila akasema wanataka wawe kundi, sita na kuendelea, na joto letu la Januari linawachosha. Akaniwekea konokono.

Tanki likakaa bila samaki zaidi ya mwezi, filta inazunguka, wateja wananicheka ati samaki wangu ni majini, hawaonekani. Jamaa anasema lazima bakteria wakae kwanza kwenye filta, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti na baadae naitreti ambayo sio kali sana, amonia na naitraiti zisiposoma sifuri haleti samaki. Na hakuleta kweli. Kingine, wenye saluni mnisikie, pampu ya hewa kaiweka chumba cha nyuma kwa mpira mrefu, maana inavuta hewa ya chumbani na sprei zetu zote zingeishia kwenye maji.

Sasa lawama. Filta ya kwanza aliyoleta ilikuwa dhaifu na inanguruma kama mashine ya kusaga, kuibadilisha mpaka nimpigie pigie. Samaki anawaagiza Dar wanakuja na basi kwenye mifuko yenye oksijeni, plati wawili wakafika wamekufa, alilipa wengine ila kwa kumsukuma. Bei iko juu ya Dar, gapi mmoja alfu tatu, sawa usafiri lakini bado. Na pampu ya betri hakunitajia kabisa mpaka umeme ulipokatika mchana kutwa, samaki wote wako juu wanahema, nakoroga maji kwa kikombe huku mteja ana dawa kichwani.

Toka hapo hakuna aliyemchana mwenzie. Nyota nne kati ya tano, hiyo ya tano atapewa siku akipokea simu mara ya kwanza.